Udongo Mwekundu wa Lushoto

Leticia alirudi kwao Lushoto kwa sababu maji ya kijani ya bwawa yalimwasha ngozi. Mumewe, Castory, alibaki Muheza, kwenye bwawa hilo. Mashamba ya jirani yalishaacha kutia mbolea, lakini fosforasi yake ya zamani ilikuwa imelala kwenye matope ya bwawa, na kila joto lilipozidi ilipanda majini na kulisha mwani.

Castory alimwomba mkewe kiroba cha udongo mwekundu wa kwao, wenye chuma kinachoishika fosforasi. Kiroba kilipofika, alitia matope na maji ya bwawa kwenye chupa mbili, kisha katika moja akayafunika matope kwa udongo ule. Baada ya wiki sita maji ya chupa hiyo yalikuwa maangavu. Akampigia mkewe simu.

"Mama Queen, maji yametakata!"

"Ya bwawa?"

Castory alitamani kusema ndiyo. Alikuwa amechoka kupika chakula cha mtu mmoja.

"Ya chupa. Bwawa litataka malori ya udongo, na labda miaka miwili."



"Mwanamume gani wewe, hata kudanganya hujui? Ungesema ndiyo, kesho ningepanda basi."

"Ndiyo maana sikusema."