Madumu ya Mama Zenovia

Pale Rădăuți, mji wa baridi kali, walimcheka Petronel kila majira ya baridi. Mate yanaganda kabla hayajafika chini, na yeye kaajiriwa na kiwanda cha vizibo kutunza mtambo wa kupoza! Alishachoka kuwaeleza kwamba vizibo vya chupa hutoka kwenye mashine vikiwa vya moto, iwe Januari iwe Julai, na kwamba maji ya kuvipoza hupitia nje, kwenye baridi hiyohiyo. Yakiganda, mabomba yanapasuka na kiwanda kinalala.

Mtambo ulikuwa umezima mara mbili kwa kupigwa na baridi, na bosi Valeriu hakumung'unya maneno: "Ukizima tena, Petronel, nenda kwa shemeji yako ukanyonyoe kuku." Petronel akafanya wanalofanya wenye magari chakavu huko: akaziba nusu ya uso wa mtambo kwa maboksi. Ukatulia.

Ikaja Boboteaza, sikukuu ya kubariki maji. Kiwanda kikafungwa, padri akabariki, watu wakabeba chupa zao za maji ya baraka nyumbani. Kesho yake Petronel alifungua tangi akakuta uji wa barafu. Akachota, akapima: dawa ya kuzuia kuganda ilikuwa imezimuliwa mpaka haina nguvu. Juu ya uji kulikuwa na kishada cha mrehani, kama kile cha padri cha kunyunyizia maji ya baraka, na kando ya tangi madumu matupu aliyoyajua ni ya nani. Hapakuhitajika polisi. Akamwendea mama wa bosi jikoni kwake, upande wa pili wa ua.

"Mama Zenovia, umetia nini kwenye tangi langu?"

"Maji ya baraka. Trekta la marehemu mume wangu nililitilia kikombe tu, halikunisumbua maisha. Hili lako dubwana, kikombe si kulitukana?"

"Yameanza kuganda, Mama!"

"Ya baraka hayaozi."

"Nani kasema yanaoza? Yanaganda!"

Petronel akachukua spana, akarudi kwenye tangi kuyamwaga. Bibi akamtangulia, akakalia koki.

"Haya humwagi ovyo ovyo, mpagani wewe."

"Basi bomba lipasuke, yamwagike yenyewe, Valeriu ayakanyage na mabuti yake."

Mama Zenovia akayafikiria yale mabuti. Akainuka. "Lete mapipa."

Wakawa wanakinga taratibu, pipa baada ya pipa. Kisha bibi akasema, bila kumtazama, "Nilisikia anataka kukufukuza. Una watoto wewe. Ningefanya nini mimi, nishike spana?"

Matusi yote aliyoyapanga tangu asubuhi Petronel akayaacha, akasogeza pipa jingine. Aliona aibu, na alimpenda yule kikongwe kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote wa ukoo ule.

Valeriu akatokea, uso mwekundu. "Nani katia maji humu?"

"Mimi, bosi," akasema Petronel.

"Muongo!" akadakia bibi. "Huyu kanisani hata mlango haujui. Nimetia mimi, ili usimfukuze. Haya, mfukuze, halafu zile sarmale zako, nyama ndani ya kabichi, ujipikie."

Valeriu akamtazama mama yake, akatazama mapipa. Mwishowe akaenda stoo mwenyewe, akarudi amebeba dumu la dawa mpya begani.

Kufika mchana mtambo ulikuwa unanguruma, na bomba halikupasuka hata moja. Mama Zenovia akawatangazia watu wote kwamba maji ya baraka yamefanya kazi yake: wameona wenyewe, Petronel hajafukuzwa. Na Petronel, anayebishana mpaka na padri, akakubali kwa kichwa, akambebea madumu yake mpaka jikoni.