Komeo la Ndani

Patasi iligota kwenye kitu kigumu, nikajua nimefika. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni kwa Shangazi, nikichimba mwimo pale lilipokuwa komeo zamani. Kile kigumu kilikuwa gundi niliyoichanganya mwenyewe na unga wa mbao, miaka mingi iliyopita, nikaishindilia ndani ya matundu ya skrubu na kuipaka rangi ileile ya mlango. Hata mimi niliyeiweka ilinibidi niitafute kwa kidole. Tonge likatoka zima, likadondoka gotini, nikalipangusa haraka kabla Shangazi hajaliona.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma yangu, akichambua mchele. Hakuwa akinitazama.

Waliozaliwa juzi hawaamini ninapowaambia kwamba palikuwa na sheria ya milango. Kipaza sauti cha nguzoni kiliitangaza asubuhi moja, kwa sauti ya mwanamke mpole: asiye na cha kuficha hajifungii. Kufuli la nje liliruhusiwa, maana mali ilipaswa kulindwa. Kilichokatazwa ni komeo la ndani. Mtu akiwa nyumbani, mlango wake usukumwe ufunguke, saa yoyote. Mwanzoni watu walicheka. Mshona viatu wa mtaani kwetu alisema sasa ataoga na kofia, ili mkaguzi akiingia amkute amevaa angalau kitu. Walimchukua, wakamrudisha baada ya siku chache, na tangu hapo akawa anashona tu.

Mimi sikufundishwa na mtu. Useremala niliupata kwa kufumua viti vilivyotupwa na kuvirudishia, uani kwa Shangazi huyuhuyu, ambaye alinilea tangu wifi yake, yaani mama yangu, alipofariki. Kwa kuwa sina haraka na sipandishi sauti, watu waliniita Taratibu. Serikali ilipotafuta mafundi wa kuondoa makomeo, Mkaguzi wa eneo letu alinichagua mapema. Wengine walikuwa wakiyang'oa kwa mtaimbo, mbao zinachanika, wenye nyumba wanatukana. Mimi nilipiga hodi. Niliomba radhi, nikatandika gazeti chini, nikafungua skrubu moja moja, nikaziba, nikapiga msasa, nikafagia. Watu walinishukuru. Bibi mmoja alinipa kiti na kunisifu kwa mumewe kwamba ona, kijana ana adabu. Niliamini kwamba ninaipunguza sheria makali. Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtaimbo ungewaamsha. Mimi niliwabembeleza wakalala.

Binamu yangu, mtoto pekee wa Shangazi, alikuwa karani wa ofisi ya maji. Wafanyakazi walipotakiwa kula kiapo cha utii, yeye alijibu kwamba ameajiriwa kusoma mita, na kiapo hakimo katika kazi yake. Waliokataa walipelekwa mafunzoni, na mafunzo yale hayakuwa na mahafali. Akajificha chumba cha nyuma kwa mama yake. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea nyembe na sabuni.

"Komeo haliizuii serikali, Taratibu," aliniambia siku moja, akilisogeza mbele na nyuma kwa kidole. "Linaichelewesha tu. Na kwa mwenye dirisha la nyuma, hilo linatosha."

Shangazi alikuwa ameshawafukuza maofisa mara mbili. Aliwaambia kupitia mlangoni kwamba yeye ni mjane, amezoea kulala amejifungia, na wasubiri afe ndipo waje na bisibisi yao. Kwa hiyo Mkaguzi akaniita.

Alikuwa mtu wa taratibu zake, kama mimi, na hata leo simsemi vibaya. Tulisimama kwenye kona ya mtaa, jua la mchana likiwaka, na askari wake wawili walikuwa kwenye kivuli cha duka lililofungwa. Alinieleza kwamba akiuvunja mlango, mama mtu mzima anaweza kuwa nyuma yake, na mbavu za umri ule haziungi. Nikienda mimi, komeo litatoka kwa amani, kila mtu arudi kwake. "Ni komeo tu," alisema. Nikamuuliza askari ni wa nini. Akasema ni utaratibu. Sikuuliza la pili. Nilijua aliyekuwa chumba cha nyuma, nikajiambia kwamba wao hawajui. Nikajiambia pia kwamba mimi nikiwa mlangoni nafanya kazi, hawatavuka kizingiti. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi msaada.

Nikapiga hodi kwa sauti, kama mtoto wa nyumbani.

"Nani?"

"Mimi, Shangazi."

Nilisikia kandambili zake zikija, kisha zikasimama.

"Uko peke yako, mwanangu?"

Askari walikuwa wameshajibandika ukutani, mmoja kila upande wangu, na Mkaguzi nyuma yao. Nilikuwa na nafasi. Ningenyamaza tu, angeelewa. Kunyamaza, kazi ambayo watu wote walisema naijua.

"Niko na vifaa vyangu," nikasema.

Komeo likateleza. Nililitia mafuta mwenyewe siku za nyuma, kwa hiyo halikutoa hata mlio.

Walinipita kama pazia. Binamu alikuwa mbele ya kioo, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu. Aliangalia dirisha, akaona limekwisha kuwa mbali, halafu akaniangalia mimi. Wale askari hakuwatazama kabisa. Hawakumpa muda wa kujifuta.  Shangazi alishika mkono wa shati la mwanawe, akatembea naye hivyo hadi kizingitini, na pale shati likavutwa likamtoka vidoleni.

Mkaguzi alitoka wa mwisho. Akanigusa bega.

"Malizia kazi, fundi," alisema kwa upole.

Nami nikamalizia. Hilo ndilo ninaloamka nalo asubuhi, zaidi hata ya lile neno nililolitamka mlangoni. Mikono yangu haikujua pa kwenda, ikaenda ilikozoea. Nilitandika gazeti. Nilifungua skrubu, nikachanganya gundi, nikaziba, nikasubiri, nikapiga msasa mpaka mwimo ukawa laini kama shavu. Shangazi aliketi kwenye kigoda, akinitazama muda wote. Nilipochukua ufagio, akainua miguu yake ili nifagie chini.

Binamu hakurudi. Wengine walirudi, wamepungua, wakasema hawakuwahi kumwona huko. Sheria yenyewe haikufutwa kwa tarumbeta; ilifika siku wakaguzi hawakuja, na kipaza sauti kikawa nyumba ya ndege. Watu wakaanza kunitafuta niwarudishie makomeo. Nimeyarudisha mengi, na wamenishukuru tena, watu walewale, kwa maneno yaleyale. Mkaguzi naye nilimwekea lake. Alinishikia tochi vizuri sana.

Shangazi peke yake hakuniita. Nilimpelekea mkaa, nilimtengenezea paa, akanipokea na kunikaribisha chakula, akaniita mwanangu kama zamani. Hakuniuliza kitu. Ningeshukuru kama angeuliza. Leo asubuhi ndipo akamtuma jirani: mwambie fundi aje na komeo.

Nikaendelea kuchimba. Nilidhani ni suala la kufungua matundu ya zamani na kurudisha skrubu, lakini mbao ya kando ya gundi ilikuwa inabomoka kama mkate. Uzibaji wangu ulikuwa mzuri mno. Ulifungia unyevu ndani, na mwimo ukaoza kimyakimya huku rangi inang'aa. Nikakata sehemu yote mbovu, nikachonga kipande kipya, nikakipaka gundi, nikakisukuma mahali pake. Nikamwambia Shangazi kwamba kipande hiki hakiwezi kubeba komeo leo. Ni lazima kikauke. Kama anaogopa, naweza kuegemeza meza mlangoni kwa usiku huu.

"Nimelala hivi miaka yote hii," akasema. "Nenda kapumzike."

Alikuwa amemaliza mchele. Aliupeta mara moja, akapuliza makapi, akaweka ungo pembeni. Mimi nilikuwa nakaza jiriwa iliyokibana kile kipande, nimempa mgongo.

"Ukija kesho," akasema, "usipige hodi."

Nikaacha kukaza.

"Gonga tu. Kama watu wengine."

Niliitikia kwa kichwa, sijui kama aliona. Nikazungusha jiriwa mara moja zaidi. Gundi ikachungulia ukingoni mwa kile kipande, nikaifuta kwa kitambaa, nikaanza kukusanya vifaa vyangu, kimoja kimoja, bila kuvigonganisha.