Diu, kwa Ajili ya Mahekalu

Mwaka 1998 Mansukh, mwenye duka la vyombo huko Kenton, karibu na Wembley, alishikwa na uchaji Mungu wa ghafla. Alitaka kuzuru mahekalu ya pwani ya Gujarat: Dwarka, Somnath, kisha Diu. Damyanti, mkewe, hakumzuia. Tangu daktari amkataze mumewe pombe, alikuwa akinusa hata glasi zake za maji, na Gujarat pombe imekatazwa kisheria. Jambo moja Mansukh hakulitaja: Diu si Gujarat. Inatawaliwa na Delhi, na baa zake ziko wazi mchana kutwa.

Aliyelijua hilo ni Musab, Mzanzibari aliyeuza tiketi za ndege Wembley. Alipoleta tiketi nyumbani, Mansukh alimwahi mlangoni.

"Mke wangu akikuuliza habari za Diu, mtajie mahekalu."

"Mimi uongo sisemi, Bwana Mansukh."

"Nani kakwambia useme uongo? Punguza ukweli tu."

Damyanti alimtilia mgeni chai. Kiswahili walikuwa nacho wote watatu, wenyeji wake wakiwa wazaliwa wa Mombasa.

"Hebu niambie, mwanangu, huko Diu kuna nini?"

"Kuna ngome ya Wareno, Bi Damyanti, ya karne ya kumi na sita. Ufuo wa Nagoa una mikoche yenye matawi, kama ya kwetu. Na liko hekalu la Gangeshwar, pangoni. Bahari ikijaa, mawimbi yanaosha mawe matakatifu ya mungu Shiva."

"Maji," Mansukh alidakia. "Maji matupu."

"Na Diu iko Gujarat?"

Musab alipuliza chai yake. "Watu wake wanasema Kigujarati."

"Sikuuliza lugha."

"Ukivuka daraja tu, umefika."

"Wala sikuuliza daraja!"

Mansukh akaanza kuisifia Somnath. Damyanti aliangua kicheko.

"Nyamaza, mzee. Shangazi yangu aliolewa mji wa Una, pua na mdomo na Diu. Nilipomtembelea kabla hujanioa, tuliingia Diu tukanywa bia chini ya ngome, tukarudi tunatafuna iliki."

Mansukh alitoa macho. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kulisikia hilo. Kisha akaona njia imefunguka.

"Basi twende wote!"

"Tutakwenda. Musab, nikatie na mimi tiketi. Na Diu tuongezee siku."

Mansukh akasugua viganja. "Tutakunywa palepale, chini ya ngome."

"Nitakunywa mimi," Damyanti alisema. "Wewe daktari kakukataza. Utanishikia mkoba."