Kanaani ya Mzee Filemoni

Mzee Filemoni akisema "kwa kifupi," watu hutafuta pa kukaa. Siku ile barazani kwa Jumbe Methusela, nje kidogo ya Makambako, alilisema mara mbili, na Konsolata akajua shamba lake liko hatarini.

Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza. Konsolata alikuwa mjane wa Kipangwa, Mkatoliki, aliyekuja na mumewe Hilari kutoka Lugarawa. Jumbe mwenyewe ndiye aliyewapa kipande cha ardhi karibu na mto. Sasa Hilari alikuwa amelala humo humo, chini ya udongo. Naye Filemoni, mzee wa kanisa la Kilutheri, alikuwa anawania kiti katika baraza la wenyeji huko Njombe, na alikwisha kugundua kwamba neno "wageni" huwaamsha hata wanaosinzia.

"Nchi hii ni Kanaani yetu!" alinguruma, koti lake zito likipepea. "Mungu alitupa sisi Wabena, akatupa na Injili. Hawa wa rozari wana kwao! Je, Israeli aliigawa Kanaani kwa kila mpita njia?"

"Amina!" wengine waliitikia, kwa mazoea tu ya Jumapili.

"Mama, unasemaje?" Jumbe aliuliza.

Konsolata alisimama. "Shikamooni, wazee wangu. Mambo ya Kanaani siyajui. Nauliza tu, mume wangu alizikwa na nani?"

Wote walikumbuka. Padre alikwama na pikipiki yake ng'ambo ya mto uliofurika, na maiti haingoji. Filemoni, asiyeweza kuona kaburi wazi akanyamaza, alijitolea kuomba. Aliomba mpaka wachimbaji wakaketi.

"Na ulisema nini pale, mzee wangu?" Konsolata alimuuliza Filemoni.

"Nilisema mengi."

"Hilo tunalijua!" alidakia Hulda, mkewe, kutoka upande wa wanawake. Watu wakaangua kicheko. "Ulisema, 'Ee Bwana, tunampanda mwenzetu katika ardhi yetu. Tangu leo walio wake ni wetu.' Ukarudia, ukidhani hatukusikia."

"Ilikuwa sala ya msiba!"

"Basi ulikuwa unamdanganya Mungu?" Jumbe aliuliza taratibu. "Kwetu hapa, Filemoni, neno la kaburini halirudishwi. Mama atabaki."

Filemoni alitazama mawingu kama mtu anayetafuta mstari wa Biblia, kisha uso ukamng'aa.

"Kwa kifupi," alianza, na watu wakaguna, "Ruthu naye alikuwa mjane, tena mgeni! Huko ndiko nilikokuwa nakwenda, ila mmenikatiza!"

Akamhubiri Ruthu mpaka mvua ikawatawanya.

Jioni Konsolata alichuchumaa kaburini, aking'oa magugu.

"Hilari, tumebaki," alisema. "Ila ukisikia aliyetutetea ni mzee Filemoni, usishangae. Ndivyo anavyosema mwenyewe."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaona haya kidogo, akatazama kama kuna mtu aliyemsikia, kisha akaendelea kung'oa.