Msalaba Ndani ya Oveni

Jumapili, tarehe 14 Aprili. Asubuhi hiyo mji wetu wa Buffalo, Marekani, ulipata mvua iliyochanganyika na theluji, ile inayoyeyuka kabla haijatua kizingitini. Nilirudi kutoka misa ya kwanza viatu vimelowa, nikakuta nyumba yangu si yangu.

Dalali wangu, Darlene Fitch, alikuwa amemleta msichana anayeitwa Kelsey, ambaye kazi yake ni kuzipamba nyumba za watu ili wanunuzi wazipende. Makochi yangu yalikuwa yamehamishiwa gereji. Sebuleni kulikuwa na kochi jeupe ambalo hakuna mtu aliyewahi kulilalia, na bakuli la malimau ya plastiki. Nilivumilia. Magoti yangu yameshindwa ngazi, nyumba lazima iuzwe. Nilikuwa nimewaomba jambo moja tu: msalaba ulio juu ya mlango wa jikoni usiguswe. Marehemu mume wangu, Kazimierz, aliuchonga kwa ubao wa benchi la parokia yetu ilipofungwa. Chini yake nilibandika karatasi yenye sentensi ya kwanza niliyowahi kuandika kwa mkono wangu, kwenye darasa la jioni, nikiwa na miaka sitini na mmoja: "Bwana, mlango huu ni wako, ingia."

Sasa palikuwa na msumari mtupu.

"Kelsey, mwanangu, msalaba uko wapi?"

"Uko mahali salama, Mama Pawlak. Mnunuzi akiingia anatakiwa ajione yeye, siyo wewe."

"Akitaka kujiona kuna kioo bafuni. Hapo ni pa Kazimierz."

"Ni kwa muda wa saa mbili tu, mama," Darlene akasema. "Wakiondoka unaurudisha."

"Petro naye alimkana kwa muda mfupi tu."

Kengele ikalia. Aliingia kijana na mkewe mjamzito, na nyuma yao Loretta, jirani yangu, ambaye huzitembelea nyumba zote zinazouzwa mtaani, hula biskuti na hanunui kitu. Kelsey akawapeleka sebuleni. Darlene, anayeamini kwamba nyumba inayonukia mdalasini haikosi mnunuzi, akawasha oveni ipate moto kwanza, kisha aingize mikate yake. Hakuifungua kutazama.

Baada ya dakika chache moshi ukatujia.

"Darlene," Loretta akaita, "unaoka mikate au unaoka nyumba?"

Kelsey alikuja mbio, uso umempauka. "Zima! Niliuficha humo. Vitu vyote vya dakika ya mwisho huwa tunaviweka kwenye oveni."

Niliufungua mlango wa oveni kwa kitambaa. Karatasi ilikuwa majivu. Niliutoa msalaba; mkono wake mmoja ulikuwa mweusi kama mkaa. Nikamwomba Mungu aushike ulimi wangu, nisije nikatoa neno la kupeleka kwenye maungamo.

"Nisamehe, mama," Kelsey akasema, machozi yakimlenga.

"Nimekusamehe. Niletee kiti."

"Tuutoe moshi nje kwanza," Darlene akasema. "Wageni wanakohoa."

"Wakohoe. Loretta, nishikie kiti."

"Nakishika kiti tu, huo msalaba wenu siushiki. Mimi Mbatisti. Na ukianguka na hayo magoti, nitakuacha hapo hapo sakafuni."

Alinishika kiuno kwa mikono yote miwili. Nikapanda, nikautundika msalaba kwenye msumari wake, ukiwa bado wa moto. Masizi yakauchafua ukuta ambao Kelsey alikuwa ameupaka rangi Ijumaa.

Yule mjamzito alikuwa amesimama mlangoni, mkono puani. "Samahani, mama. Huo unauzwa pamoja na nyumba?"

"Hauuzwi," Darlene akajibu upesi. "Wateja wengine wakija saa nane hautakuwepo."

Sikushuka. Nikawatazama wote kutoka juu ya kiti.

"Sikieni nyote, mniwie mashahidi. Nyumba hii nitaiuza. Lakini msalaba huu utashuka kwa mkono wangu, siku nitakayokabidhi ufunguo, si dakika moja kabla. Na leo, kabla hao wa saa nane hawajafika, nitaiandika ile sentensi upya na kuibandika hapa, kwa herufi kubwa kuliko zile."