Presha ya Mtu Mpole

Kwa dobi alikofanya kazi walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Mteja akija juu kwa sababu shati lake halijakauka, wenzake walimsukuma yeye mbele. Alisikiliza tu, ameinamisha kichwa, mpaka mteja akachoka mwenyewe na kuomba radhi kwa kelele zake. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa amesimama mezani akipiga pasi ya mvuke: kola kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo mwisho. Hakuwahi kuunguza hata leso.

Mama yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye alishona vifungo nyumbani, vile vilivyong'oka kwenye nguo za wateja. Mwanawe alimletea nguo jioni ndani ya mfuko, akazirudisha kazini asubuhi. Mama yule alikuwa na moto. Majirani walisema ana presha, naye alilipokea neno hilo bila kinyongo. "Msinipandishe presha," aliwaambia wajukuu wakikimbizana sebuleni, na sindano nayo aliiambia vivyo hivyo uzi ulipogoma kupita. Ndivyo alivyolijua neno tangu usichana wake. Presha ni hasira iliyokosa pa kutokea. Mgomvi anayo, mpole hana.

Basi siku wauguzi walipopita mtaa wa maduka wakipima watu bure, na Taratibu akarudi na kikaratasi, mama alidhani amechukua cha mtu mwingine. Juu iliandikwa mia na sabini na mbili, chini mia na nane. Taratibu alisema walimpima mara tatu, wakamkalisha kitini kwanza apumzike, na kila mara mashine ilisema yale yale. Ameambiwa aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo.

"Nani amekuudhi?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Presha haiji hivi hivi. Kuna mtu amekuudhi."

Taratibu alicheka, akasema labda ni suruali za mteja mmoja, mwalimu mkuu, maana mikunjo yake ina kiburi kama mwenyewe. Mama hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshafika jikoni, kwa mkwewe, mke wa Taratibu, aliyekuwa akiosha vyombo, amewapa mgongo.

Kituo cha afya walikwenda pamoja, mama na mwana. Nesi mmoja mwenye miwani alipima tena, akakuta vile vile, akakaa nao. Alieleza kwamba damu husukuma kuta za mishipa kila wakati, hata mtu akiwa usingizini. Ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi miaka nenda miaka rudi, kuta zinachoka, na siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Alisema mgonjwa mwenyewe hasikii chochote. Anakula, anafanya kazi, anacheka na watu, na kumbe ndani anaharibika. Akauliza kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivyo. Mama alijibu kwamba hakuna, ila baba yake huyu alianguka bafuni akafa palepale, ikasemekana aliteleza. Nesi aliandika na hilo, akalipigia mstari.

Akampima na mama pia. Mia na ishirini na sita kwa themanini. Mama aliuomba ule mkanda, akaugeuzageuza, akasema mashine yao mbovu.

Walipewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Waliambiwa chumvi ipungue, kitambi kipungue, na jioni atembee. Na kila mtu mzima nyumbani apimwe hata kama haumwi. Njiani mama alisema yule nesi naye anatia chumvi mno, na kwa kuwa chumvi ndiyo waliyotoka kukatazwa, wote wawili walicheka mpaka wakasimama kando ya barabara. Kilikuwa kicheko kizuri. Mama alikuja kukikumbuka kwa uchungu.

Jioni hiyo hiyo alimwita mkwewe chumbani, akafunga mlango. Alimwambia mume wake ana presha, na kuanzia leo hakuna maneno ya juu humu ndani. Asiulizwe mambo ya kumchosha. Akikosea aachwe. Mke mwenye akili anajua kumeza. Mkwe alisema sawa, mama, akatoka.

Nyumba ikawa kama ina maiti. Watoto walitembea kwa vidole. Bati lilipovuja juu ya kabati walisogeza kabati, ili baba asijue. Hata mpira redioni ulizimwa timu yake ilipokuwa inafungwa, naye akawa anasikiliza nusu ya mchezo na kuambiwa betri imekwisha. Alijua, lakini alicheka tu. Aliwaambia wenzake kazini kwamba siku hizi anaishi kama yai.

Vidonge alimeza. Miezi mitatu alimeza, na walipokwenda kupimwa tena ilikuwa mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Nesi alifurahi, akasema imeshuka vizuri, endelea hivyo hivyo. Mama alisikia neno moja tu, imeshuka. Na kilichoshuka kimeshuka. Moyoni alijisifu, maana nani aliyetuliza nyumba kama si yeye?

Vidonge vya mwezi huo vilipokwisha, Taratibu alianza kuvaa viatu aende kuchukua vingine. Mama alikuwa kibarazani na nguo zake za vifungo.

"Dawa ni za mgonjwa, mwanangu," alimwambia. "Wewe umepona. Mwili ukizoea dawa hauwezi tena kusimama wenyewe. Na ikishuka zaidi ya hapo, je? Utaanguka."

Taratibu alisimama kidogo na kiatu kimoja mkononi. Hakuwa amejifunza kumkatalia mama yake alipokuwa mdogo, na ukubwani hakuona sababu ya kuanza. Alivua kile kingine.

Chumvi nayo ilirudi mezani. Mama alisema mtu anayesimama juu ya mvuke kutwa nzima jasho linamnyonya chumvi yote, lazima airudishe. Alimwekea kikopo karibu na sahani yake, kwa mapenzi. Siku moja wakila, mkwe alianza kusema, "Baba watoto, zile dawa," na mama akakohoa. Akamkazia macho. Mkwe alinyanyua jagi, akammiminia mumewe maji.

Ikapita miezi saba. Hakuumwa hata mafua.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi kama siku nyingine. Saa nne asubuhi mwenzake wa meza ya pili alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Aligeuka akamkuta Taratibu amesimama, pasi iko juu ya shati jeupe, moshi unapanda, naye anautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Walicheka. Walisema leo Taratibu amelala na macho wazi. Alipotaka kujibu mdomo ulikwenda upande, na maneno yakatoka yamelowa, hayaeleweki. Ndipo kicheko kilipokatika.

Nyumbani palikuwa karibu, wakampeleka nyumbani. Hapo lilifanyika kosa jingine, na mama ndiye aliyelifanya. Aliona mtu amelegea, akasema hii ni presha ya kushuka. Alimlaza, akamwekea miguu juu ya mto, akamnywesha maji ya sukari ambayo nusu yake yalitokea pembeni ya mdomo. Akafunga pazia, akawaambia watu wampishe alale, akiamka atakuwa mzima. Alikaa kando yake akimpepea kwa shati la mteja. Mkwe aliporudi kutoka kwenye kibarua chake saa nane mchana, alimtazama mumewe usoni mara moja tu, akatoka mbio kutafuta gari.

Daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Walipomwambia, aliitazama saa ya ukutani, na mama naye akaitazama. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Alikuwa na presha? Anatumia dawa?"

Mkwe alimgeukia mama. Mama akajibu kwamba aliwahi kuwa nayo, ila alishapona, alikuwa hatumii tena.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, ilikuwa imeshuka kwa sababu ya dawa. Mliiondoa dawa, ikarudi. Hii si homa."

Alisema kwa upole, na bora angemfokea. Alieleza kwamba mshipa wa kichwani ulikuwa umeziba, na kwamba wangemleta saa ile ile iliyoanza, pengine kungekuwa na la kufanya. Sasa wangoje. Wiki tatu walingoja. Upande wa kulia haukurudi, mkono wala mguu. Na katika maneno yote aliyokuwa nayo, likarudi moja, ndiyo.

Walimrudisha nyumbani nalo. Unataka maji? Ndiyo. Ukimletea maji anasukuma kikombe. Unataka kugeuzwa? Ndiyo. Ukimgeuza analia. Nesi alikuwa amewaonya kwamba huenda anaelewa mengi lakini neno linalotoka silo analolitaka, na wasimfanyie haraka. Kwa dobi walingoja mwezi mmoja, kisha wakaweka mtu mwingine mezani pake. Unga ukamwagika hivyo, bila ugomvi. Wenzake walikuja kumtazama, wakakaa kwenye viti vilivyoazimwa kwa jirani, wakikwepa kuutazama ule mkono. Mama aliwasindikiza hadi nje, akawaomba mmoja mmoja waende wakapimwe. Aliwaambia haiumi, haina dalili, msingoje kuumwa. Aliwaambia na habari ya vidonge, kwamba vilimwishia akijiona mzima, hakuchukua vingine, na sasa ndiyo haya. Yule wa meza ya pili, mtu mnene mwenye utani mwingi, alimshika bega.

"Mimi sina mawazo, mama. Mimi ni mtu wa kucheka tu. Presha nitaitoa wapi?"

Mama alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwa sauti ya mwanamume. Wakaenda zao. Hakuna aliyekwenda kupimwa. Aliuliza baadaye, akauliza tena, kisha akaacha kuuliza.

Jambo lililommaliza alilisikia chumbani kwa mgonjwa, asubuhi moja wakibadilisha shuka. Walikuwa wamembingirisha upande mmoja, mkwe amemshikilia mabega, mama anaivuta shuka chafu kwa chini. Mama akasema laiti kungekuwa na mtu mwingine aliyejua kwamba ameacha dawa, akamkazania.

Mkwe hakuinua uso.

"Nilijua, mama. Niliona kikopo cha vidonge kitupu kabatini wiki ile ile. Nilikwenda kituoni nikamchukulia vingine."

"Viko wapi?"

"Viko kwenye sanduku langu. Nilitaka kumwambia. Nilijua atakataa kwa ajili yako, tungegombana, na mimi ningepiga kelele. Uliniambia nisimpandishe presha."

Alisema hivyo bila kisasi, kama mtu anayetaja mahali alipoweka mkasi. Kisha akasema tumgeuze upande wa pili. Wakamgeuza. Alikuwa mzito, na ule mguu ulibaki nyuma, ikabidi mama aubebe kwa mikono miwili na kuuweka juu ya mwenzake. Mkwe alichukua shuka chafu akatoka nayo uani, na maji yakasikika yakimiminwa kwenye beseni.

Mama alibaki. Alisubiri mkwe aendelee, arudi amtukane, avunje kitu. Ilimjia kwamba kwa mwaka mzima aliifundisha nyumba nzima kunyamaza, na somo limeingia kweli kweli. Hata leo hakuna atakayemfokea.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, mahali ambapo mwanawe angeweza kumwona.

"Ulikuwa unatusikia?"

"Ndiyo."

"Unajua ni mimi niliyekukataza?"

"Ndiyo."

Akaushika ule mkono mzima, wa kushoto. Ulikuwa na joto, na kiganja bado kilikuwa kigumu kwa kazi.

"Umenisamehe, mwanangu?"

"Ndiyo," alisema Taratibu, upesi, kwa sauti ile ile aliyotumia kwa maji, kwa choo, kwa mto. Mama akamwangalia machoni kutafuta kama lilikuwa lake kweli, na asipate. Angeweza kuliacha pale, akaondoka nalo. Mtu mwingine angefanya hivyo. Lakini aliogopa kudanganywa na neno alilolitamani kuliko yote, kwa hiyo akauliza tena, kwa upande wa pili, polepole, mdomo karibu na sikio lake.

"Au hujanisamehe?"

"Ndiyo," alisema.