Alikuwa na Nani

Mume wangu, fundi viatu, aligongwa na pikipiki akirudi nyumbani kutoka kibandani kwake. Aliyemgonga akakimbia, akakamatwa baadaye. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilala nikijiuliza jambo moja tu: je, alikufa peke yake?

Ndiyo sababu nilikubali mwito wa mpatanishi wa kukutana uso kwa uso na kijana aliyemgonga. Chumba kilikuwa na meza, viti vinne na dirisha lisilofungika vizuri. Mpatanishi, mwanamke wa makamo, alinihamishia kiti pasipopigwa na upepo. Sikumwomba. Aliona mwenyewe nilivyojikunyata. Mbele yangu wakaketi kijana mwenyewe, ametoka kifungoni juzijuzi, na mama yake.

"Hapa aliyeumizwa ndiye anayeuliza kwanza," mpatanishi akasema. "Sisi wengine tunasikiliza."

"Mwanangu hana moyo mbaya, ni shetani tu alimpitia..." mama akadakia.

"Mama, zamu yako haijafika. Na huyo shetani hatukumwalika."

Hata mimi nilitabasamu. Kisha nikamgeukia kijana. "Ulipomgonga, alisema neno?"

Akainamisha uso. "Alisema, Bibi. Nilimwinua kichwa nikamlaza mapajani. Pikipiki ilikuwa bado inanguruma. Akaniambia, 'Zima hicho chombo, unachoma mafuta bure.'"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ndiye yeye hasa! Mzee yule alikuwa akizima taa mimi bado niko chini ya meza natafuta kijiko.

"Nikazima. Akaniuliza kama nimeumia. Akanishika mkono, halafu mkono ukalegea. Niliposikia watu wanakuja, nikaogopa, nikakimbia."

"Mbona mahakamani hukuyasema haya?"

"Hakuna aliyeniuliza, Bibi."

Mpatanishi akaniuliza ningependa kijana afanye nini kunifidia. Mama yake akawahi tena: atanipakia rangi nyumba, atanichotea maji, atanikatia kuni. Maskini, alikuwa tayari kunikabidhi mwanawe mzimamzima.

"Nyumba ina rangi, na maji yapo," nikasema. "Kisichokuwapo ni mtu wa kumtaja mzee. Wanangu nikianza tu, hubadili mazungumzo. Nataka aje Jumamosi, anisimulie tena."

Kijana akamtazama mpatanishi, kisha mimi. "Bibi, sina jingine. Ni hayo tu."

"Hayo hayo, mjukuu wangu."

Akafikiri kidogo. "Nije asubuhi au jioni?"

"Jioni," nikamwambia. "Mchana huwa najikaza."